Nani Apimaye Makali ya Upanga?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tumeitungia insha, tumepewa alama zetu na tukaisahau. Mimi sikuijua maana yake hasa mpaka likizo ya Agosti iliyopita, nilipokabidhiwa ngoma niiwambe mwenyewe. Ngoma yangu ilikuwa kompyuta, na ngozi niliyoivuta kwangu ilikuwa upanga wa chuma.

Najua wapo walimu watakaokunja nyuso. "Michezo ya kompyuta tena! Mbona usiandike juu ya usafi wa mazingira au dawa za kulevya kama wenzako?" Insha hizo zimo humu humu jaridani, nimezisoma na ni nzuri. Lakini mwalimu mlezi wa chama chetu alituambia kwamba anayetaka kutoa maoni atoe juu ya jambo analolijua, si juu ya jambo alilolisikia redioni. Basi hili ndilo ninalolijua, tena nalijua kwa ubaya wake.

Kwa msomaji asiyejua, upo mchezo uitwao Minecraft. Ulitengenezwa na kampuni ya Mojang huko Uswidi, ukatoka rasmi mwezi wa Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ikainunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Ndani ya mchezo huo dunia nzima ni matofali. Udongo ni matofali, majani ya mti ni matofali, hata ng'ombe ana kichwa cha mraba. Mchezaji huchimba, hujenga, hufua vyombo na akitaka hupigana. Jambo lililotunasa sisi ni hili: kampuni humruhusu mtu yeyote kuipakua programu ya seva bila malipo, akaiweka kwenye kompyuta yake, na hapo akawa na dunia yake mwenyewe, yeye na wale aliowaalika. Seva ndiyo kompyuta mama. Kompyuta nyingine zote huiuliza, "Huyu nikimpiga, ataumia kiasi gani?" nayo ndiyo hutoa jibu. Hakuna rufaa.

Seva yetu ilikuwa katika duka moja hapa Ukunda. Jina silitaji. Lina kompyuta sita, na mchana watu huja kupiga chapa barua na kujaza fomu za serikali. Jioni na Jumamosi ndipo sisi huingia, kila mtu na shilingi zake mkononi. Kijana anayeliangalia duka alimaliza kidato cha nne miaka miwili kabla yetu, nasi humwita Kaka kwa heshima. Yeye ndiye aliyeianzisha seva, na wazo lake lilikuwa zuri ajabu. Alisema, "Tusijenge majumba ya Wazungu. Tujijengee kwetu." Tukaijenga pwani yetu ya kusini. Tulijenga Gasi na mikoko yake, msikiti wa Kongo pale mto unapoingia baharini, mibuyu, mapango ya Shimoni, na kivuko cha Likoni ambacho tulikisimamisha juu ya nguzo kwa sababu hakikutaka kuelea. Kila mchezaji alipewa uhusika wake na akatakiwa auishi. Alikuwako liwali, tabibu, nahodha, mvuvi, mchuuzi wa nazi. Mimi nilikuwa mhunzi. Hadithi tuliitunga sisi wenyewe, na kila Jumamosi watu wa mji walipambana na maharamia kugombea mnara. Liwali wetu alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, mfupi kama kinu, lakini akihutubia mji kwa maandishi ungedhani amezaliwa barazani. Kiswahili chetu kilipata mazoezi pale kuliko darasani, na hili nalisema bila kumvunjia mtu heshima.

Sasa tuje kwenye silaha. Katika mchezo huu kila mtu ana uhai wa hesabu 20, unaochorwa kama mioyo 10. Upanga wa mbao, jinsi ulivyotoka kiwandani, hupiga kwa nguvu 4, wa jiwe 5, wa chuma 6, wa almasi 7. Shoka la almasi ni 9. Chusa lenye meno matatu ni 9 vilevile. Lakini nguvu si kila kitu, kwa maana kila silaha ina wepesi wake. Upanga huweza kupiga kwa nguvu kamili mara 1.6 kwa sekunde, shoka la almasi mara 1, chusa mara 1.1. Ukipiga kabla silaha haijapumzika, pigo lako huwa kama la mgonjwa wa malaria.

Siku moja Kaka akaniita. "Wewe hesabu waziweza. Hizi silaha za kiwandani zishanichosha. Hebu nitengenezee za kwetu." Akanipa mamlaka ya usimamizi wa seva, yaani ruhusa ya kuandika namba zozote nizitakazo ndani ya silaha yoyote. Nilirudi nyumbani usiku huo nikitembea kama mtu aliyepewa funguo za benki.

Kazi ile niliipenda wallahi. Wale wasemao michezo hii haina elimu waje niwaonyeshe daftari langu. Nilitaka silaha ziwe tofauti mkononi lakini ziwe sawa katika haki, ili mtu achague kwa tabia yake na si kwa kukimbilia iliyo kali. Kwanza tulikubaliana mambo: siku ya pambano hakuna deraya, uhai haujirudishi wenyewe, na almasi haitumiki kwa silaha. Kisha nikaanza na jambia. Nililipa nguvu 3 na wepesi wa mara 3 kwa sekunde, nikidhani nimeunda radi. Likashindwa kabisa. Nilikesha nikitafuta sababu, kumbe mtu akishapigwa, mchezo humpa nusu sekunde ya kinga ambayo pigo jingine la nguvu ileile halimgusi. Wepesi wote uliozidi mara 2 kwa sekunde ulikuwa unapigwa hewani. Nikaliandika upya: nguvu 4, wepesi 2. Likawa linaangusha mtu kwa mapigo 5, na kutoka pigo la kwanza hadi la tano ni sekunde 2. Nikaunda rungu zito lenye nguvu 10 na wepesi wa nusu, yaani pigo moja kila sekunde 2. Mapigo 2, sekunde 2. Nikalitengeneza shoka la chuma lifanane na lile la almasi la kiwandani, mapigo 3, sekunde 2. Upanga wa chuma niliuacha kama ulivyo: mapigo 4, sekunde 1.875. Chusa nalo niliacha, mapigo 3, sekunde 1.8 na kitu. Tazama jinsi zilivyokaribiana! Mwenye rungu akikosa mara moja amekwisha, mwenye jambia akikosa mara moja hana hasara kubwa. Tuyaache yale mapigo ya kuruka juu, ambayo yana hesabu zake. Nilijiona fundi.

Niliposema chusa lilizidi upanga kidogo, hilo ndilo lililoniharibu.

Mvuvi wetu, mwenye chusa, ni mwenzangu wa dawati. Hakai mbali na shule lakini nauli ya kwenda Ukunda hana, kwa hivyo hutembea na kuzikusanya zile shilingi mpaka Jumamosi zifike za saa moja ya kompyuta. Saa moja tu kwa wiki. Mimi nilikuwa nakaa pale kila jioni kwa sababu ya kazi ya Kaka. Pamoja na hayo alinishinda. Alinishinda Jumamosi ya kwanza mbele ya mji mzima, akanishinda ya pili, na liwali akaandika kwa herufi kubwa kwamba mhunzi anafua silaha asizozijua kuzitumia. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Ijumaa iliyofuata, duka likiwa limebaki watu wawili, nilifungua namba za upanga wangu nikaongeza moja. Kutoka 6 kuwa 7. Moja tu, bana! Nilijiambia ni tofauti ndogo, tena mimi ndiye niliyefanya kazi yote. Lakini hebu fanya hesabu. Kwa nguvu 6, mapigo matatu ni 18, mtu bado yu hai, huna budi kupiga la nne. Kwa nguvu 7, mapigo matatu ni 21, mtu amekwisha. Kutoka sekunde 1.875 nilishuka hadi 1.25. Silaha yangu ikawa kali kuliko zote duniani mwetu, na kwa macho ilikuwa upanga uleule wa chuma. Ukiuelekezea mshale wa kipanya upanga wowote, maandishi hukuonyesha nguvu yake. Nayo maandishi hayo yanafichika. Nikayaficha.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoanzia, na ndiyo sababu nimekuchosha kwa namba. Mtu akijipa upanga wa nguvu 100, kila mtu ataona, watapiga kelele na mchezo utavunjika siku ile ile. Huyo si hatari. Hatari ni yule wa moja. Ile moja haionekani, na kwa kuwa haionekani, anayeshindwa hutafuta kosa ndani yake mwenyewe.

Nilishinda Jumamosi nne mfululizo. Mwenzangu mara ya kwanza alisema kipanya chake kibovu, akabadilisha kompyuta. Mara ya pili alibadilisha tena. Ya tatu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mbona siku hizi mapigo matatu tu nafa?" Nikamjibu kwamba labda alikuwa ameshaumia kabla. Ya nne hakusema kitu. Jumatatu darasani aliniambia ameona afadhali zile shilingi anunulie daftari, maana mkono wake ni mzito, mchezo huu haukuumbwa kwa ajili yake. Aliyasema hayo huku akinieleza hesabu ya logi ambayo mimi sikuielewa.

Laiti ningenena siku ile. Sikunena.

Kilichonifumbua mdomo ni tamaa ya mtu mwingine, na hili nalo ni aibu yangu. Kaka aligundua kwamba kuna watu wako tayari kulipa. Akatangaza kwamba anayetaka silaha yake iongezwe nguvu 2 atume shilingi 50 kwa M-Pesa. Wiki hiyo hiyo watu watatu walituma. Mji ukagawanyika, wenye hamsini na wasio na hamsini. Mchuuzi wa nazi akawa jabari asiyepigika, nahodha akagura, na liwali wetu mfupi akaandika tangazo la kujiuzulu ambalo kwa kweli lingestahili kuchapishwa katika jarida hili. Tulipomlalamikia Kaka, alitujibu, "Seva ni yangu. Umeme nalipa mimi. Asiyetaka mlango ule pale."

Nilikasirika kweli kweli. Nilipanda ngazi za barabarani kwa maneno, nikamwita mnyang'anyi. Kisha usiku nikakumbuka ile moja yangu. Yeye angalau alitangaza bei.

Mwisho wa wiki nilikwenda Msambweni kumsalimia babu. Alasiri yeye na wenzake hukaa chini ya mwembe wakicheza bao, na watu wa rika langu hupita na kuwaamkia tu bila kusimama. Siku hiyo nilikaa. Kila mchezaji wa bao la Kiswahili ana kete 32, jumla 64 mbaoni. Mwanzo huweka 10 ubaoni na kubaki na 22 za kunamua. Nilikuwa nikiyajua hayo, ila siku ile nilitazama jambo jingine. Mashimo yote yapo wazi. Wazee waliokaa pembeni, wasiocheza, wanahesabu pamoja na wachezaji, na mmoja akikosea kete moja, sauti tatu zinasema kabla mpinzani hajafungua kinywa. Babu alikuja mgeni kutoka Unguja wakabishana kwanza juu ya jinsi nyumba inavyolala na inavyotumika, wakakubaliana, ndipo kete zikasogea. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko mchezo.

Nikamuuliza, "Babu, na kama shimo moja lingekuwa limefunikwa, hulioni, mwenzako pekee analijua lina kete ngapi?"

Akanitazama. "Huyo huchezi naye, mjukuu wangu. Huyo anacheza na wewe."

Basi maoni yangu ni haya. Mwenye seva ana haki ya kubadilisha namba za silaha atakavyo, na ni jambo la kupendeza afanye hivyo. Lakini namba zote sharti zibandikwe mahali ambapo kila mchezaji ataziona kabla ya kulipa shilingi yake, na anayezipanga asiwe ndiye anayezishika peke yake bila mtu wa kumkagua.

Najua nitapingwa. Nilipoyasema haya mara ya kwanza katika mkutano wetu pale dukani, wengine walitaka turudi kwenye namba za kiwandani tumalize fitina. Siwaungi mkono. Kwanza, namba za kiwandani nazo ziliandikwa na watu. Mwezi wa Februari 2016 Mojang ilitoa toleo la 1.9 lililogeuza namna nzima ya kupigana. Hapo kabla ulikuwa unagonga kipanya upesi kadiri ya kidole chako, na baada ya hapo ukalazimika kungoja silaha ipumzike. Wachezaji wengi ulimwenguni walikataa, na seva nyingi zikabaki kwenye toleo la 1.8 kwa miaka. Kwa hiyo kiwandani nako kuna mwamba ngoma, tofauti ni kwamba yule hutangaza alichokivuta, na asiyekubali akapata nafasi ya kukataa. Pili, tukirudi kiwandani tutapoteza jambia letu na rungu letu, tutabaki na mji wa Gasi unaopigana kama mji wowote.

Mwenzetu mwingine, hodari wa Historia, alinijia na hoja iliyonikalia kooni kwa siku mbili. Alisema vita havijawahi kuwa na usawa. Akamtaja Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gasi yetu hii hii, ambaye nyumba yake ipo mpaka leo. Mwaka 1895 aliwaasi Waingereza, nao wakaja na jeshi la wanamaji na silaha kubwa. Ngome yake ya Mwele ikatekwa mwaka ule ule, na mwaka 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. "Kuna mtu aliyebandika namba za ile mizinga ukutani?" aliuliza, watu wakashangilia. "Kama tunaigiza pwani yetu, tuigize na dhuluma zake."

Hoja nzuri. Jibu langu nimelipata nikiwa njiani kurudi nyumbani, kama kawaida ya majibu. Waigize dhuluma, sikatai! Maharamia wapewe mizinga na watu wa mji wapewe mikuki, iwe hadithi yetu ya mwezi mzima, na watu wa mji watafute hila za kushinda kwa kuvizia mikokoni. Lakini watu wa mji wajue kwamba wanakabili mizinga. Mbaruk aliijua mizinga iliyokuwa mbele yake, ndiyo maana aliingia porini badala ya kusimama uwanjani. Mwenzangu wa dawati hakujua. Alisimama uwanjani akijilaumu vidole vyake.

Juu ya kuuza nguvu, sina maneno mengi. Mwaka 2014 Mojang yenyewe ilifafanua masharti yake kwamba mwenye seva anaweza kutoza kiingilio, na anaweza kuuza mapambo kama kofia na rangi, lakini hana ruhusa ya kuuza kitu kinachompa mnunuzi nguvu ya kuwashinda wengine. Nilimsomea Kaka masharti hayo. Alinyamaza kidogo, akasema hakuwa anayajua, na ninamwamini. Nampa haki yake pia: umeme wa duka hakika haulipwi na liwali. Tulikubaliana shilingi 5 zaidi kwa saa siku za Jumamosi, kwa kila mtu sawa. Walionunua walirudishiwa hamsini zao, isipokuwa mchuuzi wa nazi ambaye alisema apewe saa za kompyuta badala yake. Mchuuzi ni mchuuzi.

Wapo watakaouliza, haya yote yanahusu nini shule? Mimi sitaki kuyapeleka mbali yasikohusika. Naomba tu wenzangu mtazame ni vitu vingapi mnavyovicheza ambavyo namba zake zimo ndani ya mashine mnayoitazama kwa mbele tu. Sisi ni kizazi cha kwanza kwetu kucheza michezo ambayo mashimo yake yamefunikwa. Babu hakuhitaji kumwamini mpinzani wake, alihitaji macho tu.

Karatasi sasa iko ukutani pale dukani, juu ya swichi. Nimeiandika kwa mkono kwa kuwa wino wa printa ni ghali. Ina safu nne: silaha, nguvu, wepesi, idadi ya mapigo. Chini yake kuna mahali pa sahihi mbili, ya anayepanga na ya anayekagua. Hakuna maandishi yoyote yaliyofichwa ndani ya mchezo. Nafasi ya mkaguzi tuliiacha wazi kwa wiki nzima, maana kila mtu alisema apewe mwingine.

Jumapili nilitembea hadi kwao mwenzangu. Nilimkuta akikuna nazi, mama yake akanikaribisha, nikapewa kibao na mimi nikakae. Nikamweleza yote, tangu ile Ijumaa, ile moja, mpaka maandishi niliyoyaficha. Nilitarajia anipige au anifukuze. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa cheupe hakina kitu.

"Jumamosi nne," akasema.

"Nne."

"Shilingi zangu za Jumamosi nne."

Nilimwambia nitamlipa. Akakataa, akasema pesa si hoja. Alitaka kitu kingine: kwa Jumamosi nne, mbele ya mji mzima, nipigane naye kwa upanga wa mbao. Nguvu 4, mapigo 5, sekunde 2 na nusu, naye na chusa lake. Na liwali aandike sababu kwenye tangazo la mji, kwa herufi kubwa. Kisha akasema kwamba ukaguzi atauchukua yeye.

Sahihi yake ipo kwenye karatasi, imekwaruzwa na inaelea nje ya mstari. Tayari ameshapinga wepesi wa rungu, ati ni mdogo mno, na ameniletea hesabu yake nyuma ya karatasi ya jaribio la Fizikia. Nimeipitia mara mbili na sijaona kosa.

Mpaka naandika haya nimechapwa Jumamosi mbili. Zimebaki mbili.